Kabla Damu Haijasema

Kutoka Tabora hadi Mwanza nilikwenda kwa treni ya daraja la tatu, nimekalia mzigo wangu mwenyewe kwa sababu benchi zilishawahiwa na wenye mabega. Mwanza nikangoja meli ya Bukoba hadi nikazoeana na wapagazi wa gatini. Bukoba nikapata lori la chumvi lililonishusha Karagwe, na kutoka hapo nikafuatana kwa miguu na wachuuzi wa kahawa ya magendo, watu wacheshi sana mchana na wakimya kabisa tulipoukaribia mto. Tulivuka Kagera kwa mtumbwi. Ng'ambo, lori lililojaa mikungu ya ndizi likatupitisha Isingiro, na jioni nikashuka Mbarara na utomvu wa ndizi kwenye shati. Utomvu ule haukutoka tena.

Sikuwa nakimbia kitu. Miaka ile ya themanini karibu kila niliyekutana naye njiani alikuwa anakimbia jambo fulani, na waliponiuliza mimi nakimbia nini, jibu la kwamba sikimbii liliwatia shaka kuliko uongo wowote ambao ningeweza kuutunga. Nilikuwa nimetimiza arobaini. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafundisha hesabu shule za msingi bila cheti cha ualimu, mama akafariki, ndugu zangu wakauza nyumba. Baada ya hapo nikawa mtu wa kusikia jina la mji na kutamani kuuona, na nikiuona, kuutamani ule nilioacha. Ugonjwa huo sijapona hadi leo.

Mbarara alinipokea mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa, ambaye mjomba wake aliwahi kuishi Tabora karibu na stesheni. Undugu wa namna hiyo ulitosha wakati ule. Nililala stoo, kati ya majora ya kitenge, na mchana nikashika mkasi. Mpaka dukani ilisikika tarumbeta ya kambi ya jeshi, na mara nyingi ng'ombe wenye pembe ndefu walikatisha barabara kuu taratibu, magari yakiwasubiri kama yanavyosubiri msafara wa mkubwa.

Huko nyuma ya duka palikuwa na ukumbi wa madrasa ambao siku za kazi asubuhi ulikaa mtupu. Siku moja akaja daktari kuuomba. Alikuwa mama wa makamo, Mganda wa Kampala aliyerudi kutoka masomo ya nje, anakaa Kakiika kwenye nyumba ya kupanga yenye bustani ya kabichi. Alitaka kuwafundisha matabibu na wauguzi wa wilaya namna ya kufikiri juu ya vipimo. Tatizo lake lilikuwa lugha. Matabibu wa jeshi walizungumza Kiswahili cha kambini, wauguzi wakimbizi kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale walisoma kwa Kifaransa, na Kiingereza chake kiliwapita wote juu ya vichwa.

"Nahitaji mtu mwenye Kiswahili na Kiingereza, na hesabu isimtishe," alimwambia tajiri wangu.

Tajiri akanielekezea kidole. "Chukua huyu. Alikuwa mwalimu, na vitambaa vyangu anavikata upogo."

Ndivyo nilivyoanza kufundisha jambo nililokuwa sijapata kulisikia. Daktari alizungumza, mimi nikatafsiri, na jioni alinibakiza ukumbini kunieleza somo la kesho, ili nisije nikatafsiri maneno na kuiacha maana. Kwa Kiingereza hesabu ile ina jina la kasisi wa zamani aliyeifikiria. Sisi tuliiita hesabu ya maharagwe.

Siku ya kwanza alisimama mbele yao, mikono mitupu.

"Mgonjwa ameingia mlangoni. Hujampima chochote. Unaamini nini juu yake?"

Koplo mmoja wa kambini, mnene, mwenye kicheko cha karibu, akanyanyua mkono. "Daktari, mimi naamini nini? Mimi si Mungu. Mimi nachukua damu, damu nasema, mimi naandika."

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, lakini hakumwachia. "Na kabla damu haijasema, wewe hujui kitu?"

"Kitu kidogo tu, mama."

"Basi hicho kidogo ndicho nimekuja kukitafuta."

Kukipa hicho kidogo jina kulinihangaisha. Nilijaribu dhana, nikajaribu matarajio, mwishowe tukakubaliana "imani ya kwanza". Aliyeieleza vizuri kuliko mimi alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati ya Nakivale, Mnyarwanda aliyesomea kazi yake Bukavu, mwembamba, koti lake jeupe limefuliwa hadi limekuwa jepesi kama chandarua.

"Ngombe yako inapotea," alisema. "Unaona moja mbali, ku kilima, rangi ni ya yako. Utasema ni yako? Hapana. Utauliza kwanza: ile kilima ni ya nani, na iko na ngombe ngapi za rangi ile. Kama ziko mingi, unatulia. Unaenda karibu."

"Ndiyo yenyewe," daktari alisema nilipomtafsiria, akakaa chini. Sikuwahi kumwona amefurahi namna ile tena.

Ugonjwa tulioutumia kujifunza ulikuwa brusela, homa ya maziwa, kwa kuwa ile ni nchi ya ng'ombe na watu hunywa maziwa mabichi. Ni homa inayokuja na kuondoka, jasho, mgongo kuuma, mtu anakonda. Kipimo chake kilikuwa tone la maji ya damu juu ya kigae cheupe, likichanganywa na dawa ya rangi ya waridi. Mchanganyiko ukigandamana vipande vipande, mgonjwa anayo. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wote.

"Tuseme," daktari akasema, na neno hilo alilirudia kila mara ili mtu asidhani namba zake zilitoka kitabuni, "tuseme hapa pana watu mia wenye homa ndefu, wafugaji, wanywaji wa maziwa mabichi. Tuseme nusu wana brusela. Kipimo kinawakamata wagonjwa tisa katika kila kumi. Lakini hata kwa wasio nayo kinagandamana kwa wawili katika kila kumi, kwa sababu labda waliugua zamani wakapona, na damu haijasahau."

Tukapanga maharagwe mekundu na meupe mezani. Hamsini wagonjwa, arobaini na tano wamegandamana. Hamsini wasio nayo, kumi wamegandamana. Ukichukua mmoja katika waliogandamana, uwezekano mkubwa ni mgonjwa kweli. Kisha akayasukuma yote pembeni. Tuseme mia wengine sasa, wakulima wa ndizi wasioonja maziwa mabichi, na watano tu ndio wagonjwa. Kigae ni kilekile, dawa ni ileile. Wagonjwa wanne au watano wakagandamana, na wazima kumi na tisa pamoja nao.

Koplo aliyatazama maharagwe kwa muda mrefu. "Kumbe hapa damu nadanganya."

"Hapa, ndiyo. Kule, mara chache."

"Na jioni hii maharagwe napika nani?"

Tukaweka desturi. Kabla kigae hakijaletwa, kila tabibu alipewa sahani yenye maharagwe kumi, na mbele ya wenzake alisukuma kando yale aliyoona yanatosha. Mawili ikiwa haamini sana, manane ikiwa anaamini. Hakuna aliyeruhusiwa kukitazama kigae kabla hajasukuma. Mwanzoni waliona haya kama watu wanaovuliwa nguo. Baadaye wakazoea, wakaanza kutaniana. "Afande leo ni bahili," walisema koplo akisukuma moja.

Darasa la Mbarara lilipokwisha, daktari alitaka liende Nakivale kwenyewe, kwa wauguzi ambao hawakuweza kuja. Petroli ilikuwa haba na vizuizi vya barabarani vilikuwa vingi, na yeye alikuwa na wagonjwa wake. Akaniambia niende mimi. Nilisema sina elimu hiyo. Akanijibu kwamba haniombi nitibu mtu. Yeye atakuja kila apatapo gari, na katikati hapo kazi yangu ni kuhakikisha wanasukuma maharagwe kabla ya kutazama kigae. Tajiri wangu alinipa kipande cha kitenge cha kumpelekea mwenye nyumba yeyote atakayenipokea.

Nakivale ni vilima vya nyasi vinavyoshuka hadi ziwani. Ukingoni mwa maji mafunjo, na jioni viboko wakikoroma ndani yake. Nyumba zilitawanyika mbalimbali. Wapo waliokuja kutoka Rwanda miaka ishirini nyuma na kuzeekea pale, na wapo waliosukumwa kutoka vijiji vya Ankole miaka hiyohiyo ya themanini, mifugo yao ikabaki nyuma. Nilipangiwa kwa mzee mmoja wa kundi hili la pili. Alikuwa mrefu, na alijifunga shuka yake begani kwa namna ambayo ilinifanya kila mara niangalie kama shati langu limefungwa vizuri. Kiswahili alikipata ujanani, alipofanya kazi Bukavu na mkewe. Kitenge alikipokea kwa mikono miwili, akampa mkewe bila kukikunjua.

"Mugeni ni wa Mungu," alisema. "Lakini mugeni wa namba, huyu sijamuona bado."

Upweke nilioupata pale sijui niueleze vipi, maana sikuwa peke yangu hata siku moja. Watu walinisalimu, wakanikalisha, wakanisikiliza kwa adabu. Kisha wakageuka kuzungumza Kinyarwanda, na mimi nikabaki natazama midomo. Nilitembea jioni hadi ziwani nikijaribu kukumbuka harufu ya asali mpya ya kwetu, ile yenye moshi na nta, au sauti ya treni ikipunguza mwendo kabla ya stesheni. Nilipokuwa Tabora sauti hiyo ilinifanya nitamani kuondoka.

Kitu kimoja kilinifariji, nacho ni maziwa. Asubuhi mama wa nyumba alitoa vyungu vyake vya maziwa vilivyochongwa kwa mti, virefu, vyenye vifuniko vya ukindu vilivyochongoka, akavifukiza kwa moshi wa nyasi na kuvipanga safu. Mgeni akija, alimiminiwa kidogo. Mimi pia nilimiminiwa. Maziwa yenyewe yalikuwa mepesi, yenye ladha ya moshi, na nilijiambia kwamba ndiyo ladha ya ng'ombe wa nyasi zile. Ng'ombe sikuwaona. Mzee alisema wako kwa jamaa, upande wa Ngarama, kwenye malisho. Kila mtu alikuwa na ng'ombe upande fulani.

Mzee alikuwa mgonjwa. Homa ilimjia magharibi, jasho likalowesha shuka, na mbavu zilikuwa zimeanza kuhesabika. Alikohoa pia, ila alivuta kiko, na sote tulikilaumu kiko. Mama hakusema sana. Siku moja nilipokuwa naondoka kwenda zahanati alinishika mkono wa shati.

"Mwana, ninyi mukifundisha, mutafute na ya mzee. Watoto bangu bote bako mbali. Mimi niko na huyu tu."

Nikamwambia muuguzi mkuu, naye akaona vema mzee awe mgonjwa wetu wa darasani. Alikuja amevaa vizuri, akaketi kwenye kiti katikati ya chumba kama aliyealikwa kuamua kesi. Wauguzi walisimama na sahani zao. Kwenye benchi la nje wazee wengine walisubiri zamu zao, dirisha liko wazi, wanasikia kila neno.

"Mzee," muuguzi mkuu alimuuliza kwa heshima, "unakunywaka maziwa mabichi?"

Mzee akamtazama. "Unaniuliza mimi? Uliza kama ninapumua."

Nje wakacheka, ndani tukacheka. Maharagwe yakasukumwa: saba, manane, mmoja akasukuma tisa. Kisha kigae kikaletwa. Mchanganyiko ukagandamana, si sana, lakini ukagandamana. Nikaeleza hesabu ubaoni, imani ya kwanza kubwa, ushahidi, imani ya pili kubwa zaidi. Lilikuwa somo safi kuliko yote niliyowahi kutoa. Daktari alipokuja baadaye akakubaliana nao. Mzee akaanza sindano za streptomaisini na vidonge vya tetrasaiklini.

Akapata nafuu. Homa ikapungua, akatembea hadi ziwani na mimi, akanionyesha wapi ng'ombe wangenyweshwa. Mama akaanza kuimba akifagia. Nilihisi, kwa mara ya kwanza tangu Tabora, kwamba labda sina haja ya mji mwingine. Sindano zilipomalizika, homa ikarudi, na kikohozi kikazidi. Wakazirudia. Nafuu ikaja fupi zaidi, halafu akaanguka kitandani. Kila mmoja alijua tunachongojea. Muuguzi mkuu alisema brusela nyingine ni sugu, na sauti yake haikuwa na nguvu.

Siku moja mvua ililifunga darasa mapema nikarudi kabla ya saa zangu. Nilipita nyuma ya nyumba kukwepa matope, na pale jikoni nikamkuta mama amechuchumaa. Mbele yake palikuwa na gunia la karatasi lenye maandishi ya misaada. Alikuwa anachota unga mweupe wa maziwa kwa kikombe, anaukoroga kwenye maji ya uvuguvugu, polepole, usifanye mabonge. Kisha akaumimina ndani ya chungu kilichofukizwa, akakifunika kwa kile kifuniko kilichochongoka.

Aliniona. Hakuficha kitu, angekificha wapi.

"Mama," nikasema, "ng'ombe wa Ngarama?"

"Hakuna Ngarama." Akafuta mikono kwenye kanga. "Tangu tulifika hapa, haijaingia hata tone moja la ngombe mu nyumba hii. Unga wenyewe mzee hanywi. Anasema ni chokaa. Ni ya bageni."

Nilisimama pale mvua ikinilowesha mgongo. Maharagwe manane yalisukumwa kwa sababu ya maziwa ambayo hayakuwepo. Tangu alipoachana na mifugo yake ilikuwa imepita miaka, na kama aliwahi kuugua brusela enzi zile, damu yake ilikuwa inakumbuka tu. Tungeanza na maharagwe mawili, kigae kile dhaifu kisingetufikisha mbali. Tungeuliza ni nini kingine kinachomkondesha mtu, kinachomtoa jasho na kumkohoza.

"Lazima nimwambie muuguzi," nikasema.

Mama akanyanyuka haraka. "Hapana. Mwana, hapana. Mwanaume wa ngombe hasemi kwake hakuna maziwa. Hata akiwa na njaa. Atajua ni wewe, na atajua ni mimi."

"Atakufa, mama."

"Na akipona, ataishi namna gani kati ya batu?"

Alikaa tena, akakishika kile chungu mapajani kama mtu anayemshikia mwenzake mtoto. Mwisho akasema, bila kunitazama, "Enda basi. Usinipe mimi kazi ya kukuruhusu."

Muuguzi mkuu nilimkuta anafunga kabati la dawa. Nilimwita pembeni, nikamweleza kwa sauti ya chini. Sikuona mshangao. Alifunga kufuli, akajaribu kama limeshika, akalijaribu tena.

"Nyumbani kwangu ni vile vile," alisema.

"Unga?"

"Unga. Na bibi yangu anafukiza vyungu kila asubuhi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua ya kwangu. Ya mwingine nilisema, labda huyu iko na ngombe kweli. Namna gani nitamwambia mzee kama ule, mbele ya batu, unasema uongo? Yeye pia alifikiri mimi niko nazo." Akatabasamu kidogo, tabasamu lisilo na furaha. "Mwalimu, hapa ukiuliza batu bote juu ya maziwa, bote banasema ndiyo. Kilima chote kinasema ndiyo."

"Basi imani yetu ya kwanza tuliitoa wapi?"

"Ku heshima," alisema.

Alinieleza jambo lingine ambalo alilielewa papo hapo na lililomtia hofu. Sindano ile ya streptomaisini hugusa pia kifua kikuu. Ikitolewa peke yake, humpa mgonjwa nafuu bila kumponya, na ugonjwa hurudi ukiwa mgumu zaidi. Kila nafuu tuliyoifurahia ilikuwa inatuonyesha njia nyingine, na sisi tuliisoma kama ushahidi wa ile yetu. Kesho yake asubuhi akachukua makohozi ya mzee, na lori la samaki likayapeleka Mbarara kwa daktari. Hakumwambia mzee kwa nini. Lakini tabibu haombi makohozi akiamini mtu ana homa ya maziwa, na mzee hakuwa mjinga.

Jibu lilikuwa kifua kikuu. Daktari alikuja mwenyewe na gari, amekaza uso, akamchukua mzee hadi wodi ya mjini. Kabla ya kuondoka aliwakusanya wauguzi akasema kosa si la mtu mmoja, hesabu ilikuwa sawa, kilichokosewa ni kile kilichoingizwa ndani ya hesabu. Nikalitafsiri hilo. Yule aliyesukuma tisa alikuwa anatazama sakafu. Kuanzia wiki ile darasa liliacha kuuliza swali la maziwa. Mgonjwa wa pale tulianza naye kwa maharagwe mawili, awe amevaa shuka namna gani, na muuguzi mkuu akawa anakwenda mwenyewe, jioni, kama mtu anayepita kusalimia, kutazama kama kuna zizi na kama lina kinyesi kibichi.

Nilikwenda wodini kumwona mzee. Koplo mnene nilimkuta mlangoni. Alikuwa na mgonjwa wake humo.

"Mwalimu, mzee yako nakula sana sasa. Jana namaliza posho yote, natafuta ya jirani." Kisha akapunguza sauti. "Lakini yeye hataki kuzungumza. Mimi nasalimia, yeye natazama ukuta."

Kwangu pia alitazama ukuta. Nilikaa kando ya kitanda hadi muuguzi akanitaka nitoke. Alikuwa anapona, hilo lilionekana wazi. Shingo ilikuwa imeanza kujaa. Kitandani kwake kulikuwa na kikombe cha maziwa ya wodi, kimejaa hadi juu, kimepata utando.

Miezi ilipita. Nyumbani, mama aliendelea kunipikia, ila vyungu havikutolewa tena asubuhi, kwa kuwa mwenye nyumba hayupo, na mimi sikuwa tena mgeni wa kudanganywa. Majirani waliacha kupita. Habari ilikuwa imezunguka vilima vyote, sijui kwa mdomo wa nani: nyumba ile imesemwa na mtu wa nje. Nilipokutana na wazee njiani walinisalimu vizuri kama zamani, wakaniuliza habari za Tabora, lakini hakuna aliyenikaribisha kuketi. Nadhani kila mmoja aliogopa macho yangu yasije yakafika jikoni kwake.

Mzee akarudi na vidonge vya kumeza kwa muda mrefu bado, mnene kuliko nilivyowahi kumjua. Watu walikuja kumpa pole. Mama aliwapa chai ya rangi. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, kwa Kiswahili, ili nami nisikie: "Kunyweni chai. Kwangu hakuna maziwa." Akalisema kwa sauti kubwa na wima, kama anayetaja jina la baba yake. Mmoja wao, mzee mwenye jicho moja, akanyanyua kikombe akanywa, kisha akasema, "Kwangu pia." Wengine nao wakanywa.

Niliona kwamba nisipoondoka mimi, nyumba ile haitapata tena kuwa ya mwenyeji wangu. Nilimwambia muuguzi mkuu, ambaye hakunizuia. Alisema darasa litaendelea, maharagwe wanayo.

Asubuhi ya kuondoka, lori la samaki wakavu lilisimama chini barabarani. Mama aliniaga ndani, akanifungia viazi vitamu kwenye jani la mgomba, akarudi jikoni kabla sijamaliza kushukuru. Mzee alitoka na mimi hadi kwenye ua wa minyaa. Kwao mgeni husindikizwa mbali, mara nyingi hadi usionekane mji alikotoka. Yeye alisimama pale pale uani.

"Nimepona," alisema. "Ni juu yako. Hiyo ninajua."

"Mungu ndiye."

"Mungu hakuingia mu jiko ya bibi yangu." Alivuta pumzi, safi, bila kukohoa. "Usirudi kwangu, mwalimu. Ukipita hapa, upite."

"Nimesikia, mzee."

"Sasa unaenda wapi?"

"Masaka kwanza. Halafu sijui."

"Iko ngombe kule?"

"Wachache, nasikia. Ni ndizi tupu."

"Basi batakuambia ukweli," alisema, akacheka kidogo, kicheko kikavu ambacho sikujua kama ni cha kunisamehe au cha kunifukuza. Akanipa mkono. Kisha akageuka, akaingia ndani, shuka yake imekaa begani vile vile.

Nilipanda juu ya magunia. Tulipofika Mbarara dereva alisimama kushusha mzigo, karibu kabisa na duka la vitambaa, na nilikuwa nimepanga kushuka kumuaga tajiri wangu, nimpelekee na daktari salamu Kakiika. Niliuona mlango uko wazi, nikamwona mtu mwingine ameshika mkasi. Dereva akaniuliza kama nashuka. Nikamwambia hapana, twende, nikala viazi vya mama vikiwa bado na joto katikati.